Nani Ameshika Sindano? Chanjo ya UVIKO-19 Mbele ya Tamaduni za Dunia

Desemba 8, 2020, Uingereza ilianza kuwachanja raia wake dhidi ya UVIKO-19, na katika mwaka uliofuata chanjo ikafika karibu kila nchi duniani. Mwili wa binadamu huipokea kwa namna moja, awe mkazi wa Lisbon, Mwanza au Thimphu. Jamii hazikuipokea kwa namna moja. Bhutan, ufalme mdogo wa milima ya Himalaya, ilichanja asilimia 93 ya watu wazima wake katika siku 16. Bulgaria, mwanachama wa Umoja wa Ulaya aliyekuwa na dozi za kutosha na za bure, iliishia karibu asilimia 30 ya watu wake. Urusi ilikuwa ya kwanza duniani kuidhinisha chanjo, Sputnik V, Agosti 11, 2020, lakini wananchi wake wengi hawakuitaka.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba anayekataa chanjo hajasoma. Takwimu zinayakana. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la Nature Medicine ulionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati zilizochunguzwa, kwa wastani watu 80 katika kila 100 walikuwa tayari kuchanjwa, ilhali Marekani walikuwa 65 na Urusi 30. Uchunguzi mwingine, ulioongozwa na kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa katika nchi 15 mwishoni mwa 2020, ulipata wastani wa asilimia 79. Ethiopia ilifikia 94, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 59.

Tofauti hizo hazifuati shule wala utajiri. Zinafuata historia: nani aliwahi kufika na sindano, kwa agizo la nani, na baadaye ikawaje. Utamaduni wa jamii mbele ya chanjo ni kumbukumbu hiyo, pamoja na njia ambazo jamii huzitumia kuamua nani aaminiwe. Ndiyo maana jambo lile lile, liwe heshima kwa wazee, sare ya jeshi au neno la kiongozi wa dini, lilifungua mlango mahali pamoja na kuufunga mahali pengine.

Upinzani wenye umri wa chanjo

Edward Jenner alionyesha chanjo ya ndui huko Uingereza mwaka 1796. Sheria ya 1853 ikawalazimu wazazi kuwachanja watoto wachanga, na ile ya 1867 ikawaongezea adhabu waliokaidi. Familia nyingi za wafanyakazi, zisizo na uwezo wa kulipa faini mara kwa mara, ziliona sheria hizo kama mkono wa dola juu ya miili ya watoto wao. Mji wa Leicester ukawa ngome ya upinzani, na Machi 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana humo. Mwaka 1898 Bunge lililegeza msimamo na kuruhusu mzazi apewe msamaha kwa sababu ya dhamiri.

Rio de Janeiro iliwaka Novemba 1904. Daktari Oswaldo Cruz, mkuu wa afya ya umma, alikuwa amepata sheria ya kuwalazimu watu wote kuchanjwa ndui. Wakati huo huo, meya Pereira Passos alikuwa akibomoa makazi ya maskini katikati ya jiji ili kupanua barabara. Kwa mkazi wa nyumba hizo, aliyekuja kubomoa na aliyekuja kuchanja walitumwa na serikali moja. Ghasia za takriban wiki moja ziliua watu wapatao 30, na ulazima ukasimamishwa. Miaka minne baadaye mlipuko wa ndui uliua maelfu jijini humo.

Brazil haikubaki pale. Tangu 1973 mpango wa taifa wa chanjo umepeleka huduma bure hadi vijiji vya Amazon, na tangu 1986 watoto wamekua wakimwona Zé Gotinha, kikaragosi mwenye umbo la tone la chanjo ya polio. UVIKO-19 ilipofika, Rais Jair Bolsonaro alitangaza hadharani kwamba yeye hatachanjwa. Zaidi ya asilimia 80 ya Wabrazili walikwenda kupata angalau dozi moja. Mazoea yaliyojengwa kwa karibu nusu karne yalikuwa na nguvu kuliko sauti ya mkuu wa nchi.

Kumbukumbu ya sindano

Katika Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, habari za mumiani zilienea kutoka pwani hadi Kampala. Ilisemwa kuwa wazimamoto, au waajiriwa wengine wa serikali, huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alizichukulia habari hizo kama ushahidi wa jinsi watu walivyoielewa serikali ya kikoloni. Serikali iliyochukua kodi, ardhi na nguvu za watu bila kuwauliza haikuwa vigumu kuaminiwa kuwa inachukua na damu.

Kwingineko hofu ina chanzo kilichomo katika kumbukumbu za hospitali. Kuanzia 1921 hadi 1956, vikosi vya tiba vya Ufaransa viliwakusanya wanavijiji wa Cameroon na Afrika ya Ikweta, mara nyingine kwa mtutu wa bunduki, vikawapima malale na kuwadunga dawa ambazo baadhi yake zilipofusha. Sindano ya kinga iliyoitwa Lomidine, iliyosambazwa sana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliua watu kadhaa mashariki mwa Cameroon mwaka 1954. Wachumi Sara Lowes na Eduardo Montero, katika utafiti uliochapishwa 2021, walilinganisha maeneo hayo leo. Pale vikosi vilipopita mara nyingi zaidi, watoto huchanjwa kwa kiwango kidogo zaidi, na watu wazima hukataa zaidi hata kipimo cha damu cha bure. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa kampeni zile zilipokwisha. Woga wameurithi kwa wazazi, kama sehemu ya malezi.

Marekani nayo ina kumbukumbu yake. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya shirikisho iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana, ili kuona ugonjwa unavyoendelea. Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza, Wamarekani Weusi walisita kuliko Wazungu. Kisha makanisa, madaktari Weusi na hata vinyozi na wasusi wakaingia kazini, na kufikia 2022 pengo hilo lilikuwa karibu limeisha. Pengo lililobaki pana lilikuwa kati ya wafuasi wa vyama vya siasa.

Hata janga lilipokuwa mwanzoni, kidonda cha zamani kilitoneshwa. Aprili 1, 2020, daktari na mtafiti wa Ufaransa walijadili kwenye televisheni wazo la kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya virusi vya korona barani Afrika. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliita kauli hiyo masalia ya fikra za kikoloni, na wanasoka Didier Drogba na Samuel Eto'o wakaikemea. Maneno yale yalisambaa katika simu za Waafrika miezi mingi kabla ya dozi ya kwanza kufika. Mhudumu wa afya wa kijijini ndiye aliyeachiwa kazi ya kuyajibu.

Sare ya jeshi, Beni na Lisbon

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 mashariki mwa Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya soko na kanisa, ulikuwa funzo kubwa kabla ya UVIKO-19. Wilaya ya Beni ilikuwa imeshuhudia mauaji ya raia tangu 2014, na wakazi walihisi kuwa ulimwengu umewapa kisogo. Ebola ilipoingia, magari ya mashirika yalijaa barabarani. Watu wakauliza kwa nini wanaokufa kwa mapanga hawakuleta magari hayo. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais mpya akaapishwa Januari bila kura zao. Waandamanaji wakakivamia kituo cha kupokelea washukiwa wa Ebola. Ugonjwa ulikuwa umeingizwa kwenye siasa, na chanjo pamoja nao.

Timu za afya zilipoanza kusindikizwa na askari, shaka iliongezeka. Machi 2019 Joanne Liu, rais wa Madaktari Wasio na Mipaka wakati huo, alionya kuwa juhudi nzima inashindwa kupata imani ya watu. Mwezi uliofuata daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko wa Cameroon, aliuawa hospitalini Butembo. Hata hivyo zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kabla ya mlipuko kutangazwa kuisha Juni 25, 2020, na kazi ilisonga vizuri pale ilipokabidhiwa watu wa mahali pale, wakiwemo waliopona Ebola, ambao waliwalea watoto wa wagonjwa. Vifo vilifikia 2,287.

Ureno, mwaka 2021, ilimkabidhi kampeni ya chanjo afisa wa jeshi la majini, Henrique Gouveia e Melo, aliyeonekana kila siku katika magwanda ya kivita. Kufikia Oktoba mwaka huo takriban asilimia 85 ya Wareno walikuwa wamemaliza dozi. Sare iliyowatisha watu Beni iliwatuliza watu wa Lisbon. Kwa Wareno wengi, jeshi ndilo lililouangusha udikteta mwaka 1974, na huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa 1979 ni tunda la mapinduzi hayo. Afisa yule alichukua pia nafasi iliyoachwa na mtangulizi aliyejiuzulu wakati wa kashfa ya watu kupewa chanjo kabla ya zamu yao. Magwanda yalimaanisha utaratibu na usawa.

Bulgaria ilikuwa na dozi zile zile za Umoja wa Ulaya. Lakini serikali zake zilibadilika mara kadhaa mwaka 2021, wanasiasa na hata baadhi ya madaktari walitoa kauli zinazopingana, na raia waliozoea kuona rushwa hawakuona sababu ya kuamini kuwa safari hii dola inawatakia mema.

Heshima kwa wazee

Taifa la Cherokee, la wenyeji wa asili wa Marekani katika jimbo la Oklahoma, mwaka 2020 lilikuwa na watu wapatao 2,000 tu waliozungumza lugha yao kwa ufasaha, na wengi wao walikuwa wazee. Chanjo zilipofika Desemba 2020, serikali ya Cherokee iliwaweka wazungumzaji hao mstari wa mbele pamoja na wahudumu wa afya. Kuchanjwa kukawa tendo la kuilinda hazina ya watu wote. Wanavajo, taifa jingine la wenyeji wa asili, walioumizwa vibaya na UVIKO-19 mwaka 2020, walikwenda njia hiyo hiyo. Kijana alichanjwa kwa ajili ya bibi yake, na kiwango chao kikapita wastani wa Marekani. Watu hawa wana sababu nyingi za kihistoria za kutoiamini serikali ya Marekani. Tofauti ni kwamba walioshika sindano walikuwa viongozi na wauguzi wao wenyewe.

Hong Kong nayo huwaheshimu wazee, na heshima hiyo ikazaa jibu kinyume. Familia nyingi, na hata baadhi ya madaktari, waliona kuwa mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu ni dhaifu mno kwa sindano mpya, hivyo ni afadhali abaki nyumbani. Maambukizi yalikuwa machache mwaka 2021, hatari ikaonekana iko mbali. Imani kwa serikali nayo ilikuwa imevunjika tangu maandamano ya 2019. Mwishoni mwa 2021 chini ya theluthi moja ya wenye miaka 80 na zaidi walikuwa wamechanjwa. Wimbi la mwanzoni mwa 2022 liliua zaidi ya watu 9,000 katika miezi michache, wengi wakiwa wazee ambao hawakuchanjwa. Upendo wa watoto kwa wazazi ulikuwa wa kweli Oklahoma na Hong Kong. Taarifa zilizouongoza ndizo zilizotofautiana.

Neno la viongozi wa dini

Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto 11 walikufa. Kampuni ilikana kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75. Kati ya tukio na malipo hayo, mwaka 2003, viongozi wa kisiasa na wa dini Kano walisimamisha chanjo ya polio wakidai ina vitu vya kufunga uzazi. Polio ikaenea katika nchi nyingi zilizokuwa zimeitokomeza. Mgogoro ulikwisha 2004, baada ya kukubaliwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Dawa ilikuwa ya polio kama ile ya kwanza. Mletaji alikuwa mwingine.

Indonesia yenyewe ilipitia jaribio lake. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa liliamua kuwa chanjo ya surua na rubela ina asili ya nguruwe, ingawa inaruhusiwa kwa dharura. Maeneo kama Aceh yakaikataa kwa wingi. UVIKO-19 ilipofika, serikali iliwashirikisha maulamaa mapema. Januari 2021 walitangaza kuwa chanjo ya Sinovac ni halali, na siku chache baadaye Rais Joko Widodo alichanjwa mbele ya kamera. Ramadhani ilipokaribia, mamufti wa Saudi Arabia na Dubai walieleza kuwa sindano hiyo haitengui saumu, jibu lililosubiriwa pia Mombasa, Zanzibar na Muscat.

Bhutan ilipokea dozi za kwanza kutoka India Januari 2021, lakini mwezi uliofuata ulihesabiwa kuwa na nuksi katika kalenda ya Kibudha. Serikali, ambayo waziri mkuu wake wa wakati huo, Lotay Tshering, ni daktari wa upasuaji, ilisubiri. Watawa walichagua siku njema, Machi 27, na ikapangwa kuwa anayechanja na anayechanjwa wa kwanza wawe wanawake waliozaliwa Mwaka wa Nyani. Kusubiri huko kulilipwa kwa kasi ambayo mataifa tajiri hayakuifikia.

Kenya ilionyesha kuwa hata dini moja inaweza kuwa na sauti mbili. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki waliitilia shaka kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake. Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki kiliwataka watu waikatae chanjo ya UVIKO-19, na safari hii maaskofu ndio waliosimama kuitetea.

Tanzania: kauli mbili za Ikulu

Hakuna mahali ambapo uzito wa mletaji ujumbe ulionekana waziwazi kama Tanzania. Takwimu za ugonjwa ziliacha kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Watu walihimizwa kusali, kujifukiza na kutumia dawa za asili. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo hazifai na kuonya Watanzania wasigeuzwe wa kufanyiwa majaribio. Onyo hilo liligusa historia ya kweli, na kwa sababu hiyo lilisikilizwa. Siku hizo hizo maaskofu Wakatoliki waliwatahadharisha waumini kuwa ugonjwa upo.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 19, 2021, aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 24 zikafika dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX. Julai 28 alichanjwa hadharani Ikulu. Alijieleza kuwa yeye ni mama, bibi na mke pamoja na kuwa Rais, na kwamba asingejipeleka kwenye hatari huku akijua wanaomtegemea. Kauli hiyo ilikuwa na uzito, lakini haikufuta kwa siku moja mwaka mzima wa kauli kinyume. Baadhi ya wahubiri, akiwemo Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe, waliendelea kuipinga chanjo, na miezi ya mwanzo vituo vilikuwa na watu wachache.

Mabadiliko yalikuja pale kampeni ilipotoka hospitalini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji na mitaa, masheikh na wachungaji walishirikishwa, na sindano ikawafuata watu minadani, sokoni, stendi na nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa 2022 waliokuwa wamekamilisha dozi hawakufika asilimia 5 ya Watanzania. Kufikia 2023 walikuwa zaidi ya nusu ya watu wazima. Imani zao za dini na desturi zao hazikubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni nani aliyebisha hodi.

Shuruti na hiari

Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur, iliingia katika janga hili ikiwa na shaka nyingi. Mwaka 2009 serikali iliagiza dozi milioni 94 dhidi ya mafua ya H1N1, na watu chini ya asilimia 10 wakajitokeza. Uchunguzi wa nchi 67 uliotolewa 2016 uliwakuta Wafaransa asilimia 41 wakiwa na mashaka na usalama wa chanjo, kiwango kilichozidi cha nchi nyingine zote. Julai 12, 2021 Rais Emmanuel Macron alitangaza kuwa cheti kingehitajika kuingia mikahawani na kwenye treni za masafa marefu. Karibu watu milioni moja waliweka miadi ya kuchanjwa ndani ya siku moja. Wengine walijaza barabara kila Jumamosi wakipinga. Cheti kiliongeza idadi ya waliochanjwa, hakikuponya shaka.

Japani ilikuwa na mashaka kama hayo. Baada ya madhara ya chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela na hukumu za mahakama, sheria ya 1994 iliondoa ulazima wa chanjo. Mwaka 2013 serikali iliacha kuipendekeza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na wasichana waliochanjwa wakashuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya 1. Dhidi ya UVIKO-19 haikumlazimisha mtu. Mwishoni mwa 2021 karibu asilimia 80 walikuwa wamechanjwa, kwa msukumo wa mazoea ya kutotaka kuwa mzigo au hatari kwa jirani.

Rwanda ilifika mbali kwa wahudumu wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe na kwa uzoefu wa chanjo za watoto. Lakini masharti yalipokazwa, Januari 2022 zaidi ya Wanyarwanda 100 walivuka Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi, Kongo, wakikimbia sindano. Shuruti huwapata wanaosita, huku ikiwasukuma mbali zaidi wanaokataa.

Uhaba si utamaduni

Si kila asiyechanjwa alikataa. Kwa sehemu kubwa ya 2021 nchi tajiri zilihodhi dozi, na zilizofika Afrika mara nyingi zilikuwa zimebakiza wiki chache kabla ya kuisha muda. Malawi iliteketeza dozi 19,610 za AstraZeneca Mei 2021, ili kuwaonyesha wananchi kuwa hawatapewa zilizoisha muda. Kongo ilirudisha takriban dozi milioni 1.3 kati ya milioni 1.7 ili zisiharibike, baada ya kuchelewesha uzinduzi kutokana na hofu ya kuganda kwa damu iliyoanzia Ulaya. Mama aliyetembea nusu siku na kukuta dozi zimekwisha hakuwa na tatizo la utamaduni, na kumhesabu miongoni mwa wakaidi ni kumdhulumu.

Kabla ya janga lijalo

Mambo matatu yanajirudia katika nchi zote hizi. Kwanza, jamii humpima mletaji kabla ya kuipima dawa, na kipimo chake ni aliyoyafanya siku ambazo hapakuwa na janga. Pili, mashaka huongezeka madhara yanapofichwa. Makosa ya Kano na Tuskegee yaliumiza zaidi kwa sababu wahusika hawakusema ukweli. Tatu, desturi zinaposhirikishwa mapema, kama Bhutan, Indonesia na kwa Wacherokee, huharakisha kazi ambayo dola peke yake ingeichelewesha.

Mafunzo hayo yalihitajika tena haraka. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Oktoba 5 chanjo yake ikaanza kutolewa Goma, katika mkoa ule ule wa Beni na Butembo. Wizara zinaweza kuandaa majokofu na mabomba ya sindano kwa miezi michache. Uaminifu hauna njia ya mkato. Kwa mkazi wa Goma, Kigoma au Kisumu, jibu atakalolitoa kwa chanjo ijayo linaandaliwa leo, katika zahanati anakokwenda kujifungua au kumpeleka mtoto mwenye malaria, kwa jinsi anavyopokewa, anavyoelezwa na anavyosikilizwa.